USALAMA NYUMBANI: Watoto wetu na mashine inayosema

Ukurasa huu umezoea kukusemesha juu ya kofia ngumu, viatu vya kazi, vumbi la mawe na baruti. Safari hii tunakuomba uingie nyumbani kwako, na uangalie chombo kinachopita kutoka mkono wa papa kwenda mkono wa mtoto kila jioni. Chombo hicho ni telefoni. Ndani yake kumeingia kitu kipya ambacho watu wanakiita akili bandia. Kinajibu maswali, kinaandika barua, kinatengeneza picha na sauti, tena kinaongea na mtoto kama rafiki yake.

Maoni yetu ni haya: kitu hicho ni mashine, na kila mashine ina sheria zake za usalama. Mzazi asiyeweka sheria hizo nyumbani anafanana na kapita anayemwachia mgeni wa siku ya kwanza mashine ya kusaga mawe, kisha yeye anakwenda kunywa chai.

Hii si habari ya mbali

Wako watakaosema: "Hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani. Sisi watu wa Rutshuru tuna vita, tuna njaa, tumekimbia mara nyingi. Akili bandia inatuhusu nini?"

Inatuhusu sana. Fikiri kwanza juu ya telefoni yenyewe. Ndani yake mna vipande vidogo vya kushika umeme vinavyotengenezwa kwa tantalumu, na tantalumu hutoka katika koltani, jiwe linalochimbwa Rubaya, jirani zetu wa Masisi. Sisi wa Rutshuru tunajua mawe: Lueshe ilichimbwa kwa ajili ya niobiumu. Jiwe linatoka kwetu kwa gunia, linarudi kwetu likiwa telefoni. Na tangu mwaka 2015, kituo cha umeme cha Matebe kilipoanza kazi, watu wengi wa Rutshuru na Kiwanja walipata umeme.

Sasa angalia tarehe. Mashine inayoitwa ChatGPT ilifunguliwa kwa watu wote tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 2022. Mwezi mmoja mbele ya hapo, mwisho wa mwezi wa 10, Rutshuru na Kiwanja viliingia mikononi mwa M23, na familia nyingi zikashika njia ya Goma, zikalala chini ya mahema Kanyaruchinya. Mwezi wa 4 mwaka 2024 kampuni Meta ilianza kuweka akili bandia yake ndani ya WhatsApp katika nchi kadhaa, na Uganda, ng'ambo ya Bunagana, ilikuwamo. Mwisho wa mwezi wa 1 mwaka 2025 Goma nayo ikaingia mikononi mwa M23. Kwa hiyo mashine hii ilikuja wakati wazazi wetu walikuwa wakitafuta unga, maji na mahali pa kulala. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kujifunza. Watoto ndio waliojifunza kwanza, peke yao, bila mkubwa. Hapo ndipo hatari ilipoanzia.

Mashine hii inafanya kazi namna gani

Usiogope, si uchawi. Watengenezaji waliilisha mashine maandishi mengi mno, vitabu na magazeti na mazungumzo ya watu wa dunia. Ikajifunza neno gani hupenda kufuata neno gani. Ukiiuliza swali, inaunganisha maneno yanayoelekea kufuatana, na mara nyingi jibu linakuwa zuri. Lakini mashine haikwenda kuona kwa macho. Ikikosa jibu inaweza kutunga moja, na italisema kwa sauti ile ile ya mtu mwenye hakika. Tena chakula chake kikubwa kilikuwa Kiingereza. Kiswahili ilikula kidogo, Kinande kidogo zaidi. Ukiiuliza juu ya mambo ya Rutshuru, uwe macho mara mbili.

Na jambo hili lazima mfanyakazi alijue. Mashine ilikula pia uchafu: matusi, mauaji, maovu juu ya watoto. Ili ijifunze kuutambua uchafu huo na kuukataa, walihitajika watu wa kuusoma na kuutia alama. Mwezi wa 1 mwaka 2023 gazeti TIME la Marekani lilieleza kwamba kazi hiyo ilifanywa na vijana wa Nairobi, kupitia kampuni Sama, kwa ajili ya OpenAI, watengenezaji wa ChatGPT. Walilipwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa, na baadhi yao walisema kazi ile iliwaharibia usingizi na akili. Sisi tunajua vumbi linavyoingia katika mapafu. Hao waliingiwa na vumbi la namna nyingine. Basi ikiwa watu wazima waliumizwa na yaliyomo tumboni mwa mashine, sisi tutamwachaje mtoto wa miaka 10 acheze nayo usiku chini ya blanketi?

Hatari zilizo karibu nasi

Hatari ya kwanza ni uongo uliovaa nguo za kweli. Mwaka 2025 video na nyimbo nyingi za kumsifu rais wa Burkina Faso, Ibrahim Traoré, zilienea Afrika, nyingine zikionyesha waimbaji wakubwa wa Marekani ambao hawakuimba neno hata moja. Zilitengenezwa na mashine. Wimbo wa uongo labda hautamuua mtu. Lakini sisi tunakaa mahali ambapo picha moja ya askari barabarani inaweza kuinua kijiji kizima usiku, wamama na watoto mgongoni. Tukumbuke pia Ebola ya Kivu ya Kaskazini, kuanzia tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018 hadi tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020. Watu zaidi ya 2,280 walikufa. Uvumi ulisema ugonjwa ni biashara, wagonjwa wakafichwa, na waganga wakashambuliwa. Mwezi wa 4 mwaka 2019 Daktari Richard Mouzoko aliuawa pale Butembo. Uvumi ule ulikwenda kwa mdomo na kwa telefoni tu. Sasa uvumi una mashine ya kuutengenezea picha.

Hatari ya pili ni sauti ya kuigiza. Mwezi wa 1 mwaka 2023 kampuni Microsoft ilieleza mashine inayoweza kuiga sauti ya mtu baada ya kuisikia kwa sekunde 3. Mtoto wako akituma sauti yake kwa watu asiowajua, amewapa kitu cha kuigiza. Katika njia zetu, Goma kwenda Rutshuru, na Rutshuru kwenda Ishasha, utekaji wa watu umeumiza familia nyingi kwa miaka mingi. Fikiri uko kazini, telefoni inalia, unasikia sauti ya binti yako: "Papa, wamenikamata, tuma franga." Utatuma. Mzazi gani asingetuma? Na binti yuko masomoni anaandika somo la hesabu.

Hatari ya tatu ni picha za aibu. Mwaka 2023, katika mji wa Almendralejo nchini Hispania, wavulana walichukua picha za kawaida za wasichana wa mji wao, wakaziingiza katika mashine, mashine ikawatengeneza kama walio uchi. Wasichana zaidi ya 20 walitiwa aibu, wengine wakiwa bado wadogo kabisa. Mwaka 2024 mahakama iliwahukumu vijana 15. Mwanzo wa habari yote ulikuwa picha za kawaida, kama zile tunazobandika sisi siku ya ubatizo au ya sikukuu. Kwetu, ambako heshima ya msichana ni mali ya familia nzima, picha ya namna hiyo inaweza kumtoa mtoto masomoni kwa siku moja, hata kama wote wanajua ni ya uongo. Wavulana wetu waambiwe wazi kwamba huo si mchezo. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009, inayolinda mtoto, inaadhibu picha chafu za watoto. Tena kuna Kanuni ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023.

Hatari ya nne ndiyo iliyo kimya kuliko zote: rafiki asiye mtu. Mashine haichoki, haina haraka, haimkemei mtoto, na mara nyingi inamkubalia. Mtoto aliyefiwa, aliyekimbia vita, ambaye papa yuko mbali na mama anashinda shambani au sokoni, anaweza kuipenda kuliko watu. Mwezi wa 2 mwaka 2024 kijana wa miaka 14 wa Florida, nchini Marekani, alijitoa uhai baada ya miezi mingi ya kuongea na mashine ya kampuni Character.AI, na mama yake akaishitaki kampuni hiyo. Mwezi wa 4 mwaka 2025 kijana wa miaka 16 wa California alijitoa uhai pia. Wazazi wake waliishitaki OpenAI, wakisema mashine ilimzamisha badala ya kumwinua. Katika mwaka ule ule wa 2025 OpenAI iliweka vifaa vya mzazi kumsimamia kijana, na Character.AI ikawafungia walio chini ya miaka 18 mazungumzo ya wazi na mashine yake. Vifaa hivyo ni vizuri, lakini vilikuja baada ya matanga. Katika migodi pia tumeona hivyo: kizuizi hujengwa baada ya mtu kuanguka.

Na kwetu vifaa hivyo vina shimo kubwa. Nyumba nyingi zina telefoni moja, na namba ni ya papa. Mtoto akiishika, mashine inadhani inasema na mtu wa miaka 40. Uzio ule uliojengwa kwa ajili ya watoto hauna njia ya kumjua mtoto wako. Uzio wa kweli ni wewe na mama yake.

Juu ya masomo na juu ya dawa

Wazazi wengi wanauliza kama mtoto atumie mashine kwa kazi za masomo. Tunajibu: atumie kama anavyomtumia kaka mkubwa, aeleze jambo lililomshinda, kisha mtoto aandike mwenyewe. Mtoto anayenakili jibu la mashine mwaka mzima ni kama mtu aliyebebwa mgongoni mpaka Goma. Akifika, miguu yake haijui njia. Siku ya mtihani wa Taifa anaingia chumbani bila telefoni. Jaribio ni rahisi: mwambie akueleze kwa mdomo kile alichoandika, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Akishindwa, kazi si yake. Nawe usimtukane, mrudishe kwenye daftari.

Juu ya dawa hatuna maneno mengi. Mtoto akiwa na homa, mashine haiwezi kumgusa, kumpima uzito wala kumtoboa kidole kwa kipimo cha malaria. Kiasi cha dawa ya mtoto hutegemea uzito wake. Mashine inaweza kukueleza malaria ni nini. Mtoto apelekwe kituo cha afya.

Tusifungie, wala tusipige

Hapa tunajua si wote mtakubaliana nasi. Wapo wapapa wanaosema: "Mimi dawa yangu ni moja. Nikimkuta nayo, navunja telefoni, na fimbo juu." Tunaelewa hasira yao, lakini tunawapinga, na tunawapinga kwa sababu ya kazi yetu wenyewe.

Ndugu, wewe unajua ajali kubwa inavyozaliwa. Jiwe dogo lilianguka jana, halikumpiga mtu, yule aliyeliona akanyamaza kwa kuogopa kapita. Kesho ukuta wote unashuka. Ndiyo maana katika usalama wa kazi tunasema: anayetoa habari ya hatari asiadhibiwe, hata kama yeye mwenyewe ndiye aliyekosea. Ukimwadhibu, hutapata habari tena, na ukuta utashuka juu ya wote.

Nyumbani ni vilevile. Msichana aliyetumiwa picha chafu, au kijana anayetishwa na mtu aliye ndani ya telefoni, ana mlango mmoja wa kutokea: mzazi wake. Akijua nyuma ya mlango huo kuna fimbo, hatatoka. Atamlipa yule anayemtisha, ataiba franga za mama, au atafanya jambo baya kuliko hayo. Kwa hiyo tunasema fimbo hapa ni hatari ya usalama. Mtoto na aambiwe mapema, kabla ya lolote: "Ukija kuniambia, sitakupiga." Na neno hilo lishikwe, hata siku moyo unawaka.

Kukataza kabisa nako hakutoshi. Mtoto aliyekatazwa nyumbani ataishika telefoni ya rafiki yake Kiwanja, na huko hakuna mkubwa. Afadhali ajifunze mbele yako.

"Mimi sikusoma"

Wengine wanatuambia: "Mtoto wangu ananishinda. Mimi sikusoma, nitamfundisha nini?" Ndugu, mlinzi wa ghala la baruti hajui baruti imetengenezwa na nini. Anajua nani aingie, saa ngapi, na kwamba hakuna kiberiti. Kwa sheria tatu hizo analinda maisha ya watu wote. Wewe vilevile huhitaji kujua mashine ilivyo ndani. Keti kando ya mtoto, umwambie: "Nionyeshe. Umeiuliza nini? Imekujibu nini? Umejuaje kama ni kweli?" Maswali hayo hayahitaji diploma, na mtoto atafurahi kumfundisha papa yake kitu. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sasa ulimwengu umeingia mpaka kitandani kwa mtoto, na hauna huruma ya mama.

Sheria za nyumbani

Kata ukurasa huu, uubandike ukutani, uusome pamoja na mke wako na watoto.

1. Mtoto chini ya miaka 13 asitumie akili bandia peke yake. UNESCO mwaka 2023 ilishauri umri huo kuwa wa chini kabisa masomoni, na OpenAI yenyewe inadai miaka 13, tena ruhusa ya mzazi mpaka miaka 18.

2. Telefoni itumike sebuleni au uani, mbele ya watu. Usiku ilale chumbani kwa wazazi.

3. Mtoto asiiambie mashine, wala mtu asiyemjua, jina lake lote, masomo yake, mahali mnapokaa, kazi ya papa, wala siku ya mshahara.

4. Picha za watoto zisibandikwe ovyo. Hii ni sheria ya wazazi kwanza.

5. Familia iwe na neno la siri. Akipiga mtu na kulia kwa sauti ya mtoto akidai franga, uliza neno hilo. Kisha kata, upige mwenyewe kwa namba unayoijua, au kwa mwalimu.

6. Picha au habari ya vita, ya ugonjwa au ya kabila fulani isipelekwe mbele kabla ya kuuliza watu wawili walioko mahali penyewe. Kama hujui, isimamie kwako.

7. Kazi ya masomo iandikwe kwa mkono wa mtoto na ielezwe kwa mdomo wake.

8. Mtoto akianza kujitenga, kukataa chakula, kukosa usingizi, au kusema mashine ndiyo rafiki yake peke yake, usicheke. Kaa naye. Mwite shangazi au babu anayempenda, umpeleke kwa mganga.

9. Mtoto akileta habari ya hatari, mshukuru kwanza. Usifute picha wala maneno ya kutisha aliyotumiwa. Hayo ni ushahidi. Usilipe anayetisha.

Neno la mwisho

Kazi yetu inatutoa nyumbani alfajiri na kuturudisha giza limeingia. Wengine wetu huona watoto wao mwisho wa mwezi tu. Saa hizo zote mtoto ana maswali: juu ya vita, juu ya mwili wake, juu ya Mungu, juu ya kesho. Zamani maswali hayo yalimngoja papa, au yalikwenda kwa bibi karibu na moto. Leo kuna mashine inayojibu mara moja, na haitakuita kukuambia mtoto wako aliuliza nini.

Ndugu mfanyakazi, jioni hii, kabla ya kulala, chukua dakika 10. Mwulize mtoto ni kitu gani aliiuliza mashine wiki hii. Usikilize mpaka amalize. Kisha mwambie wewe ungemjibu nini.

Usalama kazini, usalama nyumbani!